Sahani ya Lata

Tottenham, Jumapili

Mdogo wangu Ibtisam,

Karafuu zimefika, ahsante. Mvua hapa haikatiki, na lifti imeharibika tena.

Unauliza kwa nini kwenye picha nimekonda. Unamkumbuka Lata, jirani yangu, Mhindi mzaliwa wa Unguja kama sisi? Sahani yake moja, isiyowekwa nyama kwa ajili ya dini yake, ilikuwa haitulii. Akiniletea chapati, nami nikiirudisha na mbaazi za nazi, maana kwetu sote ni aibu kurudisha sahani ya mtu tupu. Ndivyo tulivyokuwa tukila, wajane wawili.

Mwanawe Hemal akamhamishia nyumba ya wazee, Neasden. Chakula kipo, wauguzi wapo. Nilipokwenda kumtazama akaniuliza, "Mwatima, mimi sasa nimpikie nani?" Haukupita muda, akafa. Eti uzee. Uzee gani, na mimi ndiye mkubwa wake?

Sahani imebaki kwangu. Kila asubuhi naiosha, naifuta, nateleka sufuria, halafu nazima jiko.

Mwanangu Muhsin akikupigia, mwambie nakula vizuri. Akijua, atanipeleka huko huko.

Dada yako akupendaye,
Mwatima