Mshiriki wa Tano

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wote wa hapo nyumbani. Natumaini mgongo wako umepoa na kwamba shemeji ameacha kupanda ngazi kama kijana. Huku miili haijambo. Binti yako Chiriku anakula vizuri, anasoma vizuri, na mdomo wake bado unalistahili jina tulilompa. Asiyetulia ni mimi. Barua hii nimeianzia jikoni, nikaihamishia sebuleni, na sasa nimerudi nayo jikoni.

Maonyesho ya sayansi ya mkoa yalifanyika Ijumaa. Unakumbuka yalivyoanza: yule mwalimu wetu wa kemia, Bwana Moshi, alipanga meza za bwalo akaalika shule za jirani, na mgeni rasmi akawa mkewe. Siku hizi kila shule huchuja miradi yake, kisha wilaya, ndipo mkoa, na watatu bora huenda taifa. Waamuzi huzunguka wawili wawili, mwanafunzi amesimama kando ya bango lake, na mwalimu haruhusiwi kumsogelea mwanafunzi wake. Mwaka huu uratibu uliniangukia mimi. Kwa kuwa Chiriku ni damu yangu, nilitangaza mapema kwamba sitagusa alama za kundi lake.

Tangu asubuhi roho yangu ilikuwa juu juu. Umeme ulikatika, ukarudi. Volkano ya shule moja ikafoka juu ya bango la majirani zao, ugomvi ukataka kuzuka. Nilikuwa mguu huku, mguu kule. Wengine waliniita nikawapita tu, wakadhani nimezidiwa na shughuli, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Mradi wa Chiriku ulihusu kelele. Tunaishi nyuma ya karakana ya mafundi wa mabati, naye kwa muda mrefu amekuwa akiwapima usikivu majirani na watu wa nyumbani kwa spika za masikioni, aone kama nyundo zile zinawaumiza. Majina aliyaficha kwa namba. Waamuzi wake walikuwa mhadhiri wa fizikia na muuguzi wa masikio. Mhadhiri alisema mshiriki wa tano ni kosa la kipimo, maana mtu mwenye sikio la kushoto bovu kiasi kile asingeweza kwenda kazini kila siku bila watu kujua. Akamshauri amfute, mchoro upendeze. Chiriku akajibu kwamba alimpima tena na tena, akabadilisha hata spika, na jibu halikubadilika. Basi mhadhiri akataka mtu huyo aletwe. Chiriku akasema aliahidi kutomtaja.

Muuguzi alimtetea, mhadhiri akashikilia lake, mwishowe wakaniita niwafafanulie kanuni. Nikawaambia kwamba jina la mshiriki halitajwi bila ridhaa yake. Mhadhiri akakubali, lakini akasema kwa upole kwamba namba asiyoweza kuihakikisha atalazimika kuikatia alama. Chiriku, ambaye huongea hata akipiga mswaki, hakusema kitu. Alinitazama mara moja tu, akainamisha macho. Neno moja lingemwokoa.

Dada, mshiriki wa tano ni mimi.

Siku aliyonipima niliona uso wake ulivyobadilika, nikamwapisha asimwambie mtu, na zaidi ya wote asikwambie wewe. Ameubeba mzigo huo tangu mvua zilipoanza. Sasa nilikuwa namwona akiadhibiwa kwa kunisitiri. Nikasema, “Mtu huyo ni mimi. Nipimeni hapa hapa.” Mhadhiri akanyamaza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa na hakika kwamba kimya kile hakikutoka sikioni mwangu. Muuguzi alinikalisha nyuma ya pazia la jukwaa akanipima. Mstari wake ulifuata ule wa Chiriku kama kivuli. Wakaitwa waamuzi wengine watoe alama upya, asije mtu akasema nimembeba. Amekuwa wa pili, dada. Anaenda taifa.

Tukirudi nyumbani alisema jambo nisilolisikia. Nikamwomba arudie. Akazunguka upande wangu wa kulia, akauliza, “Mama mdogo, umenikasirikia?” Nikamwambia nimejikasirikia mwenyewe.

Ukinipigia simu nisipokee, usidhani nimekupuuza. Sauti yako hunijia kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, nami naona haya kukuitikia ovyo. Nicheke ukitaka, useme sikio la kufa halisikii dawa. Ningekuwa wewe ningecheka. Muuguzi anasema la kushoto huenda lisirudi, na anataka daktari aone haraka kama la kulia linalifuata. Hilo ndilo linalonizungusha humu ndani. Nafundisha wanafunzi wengi wenye sauti ndogo, dada, na wenye sauti ndogo mara nyingi ndio wenye maswali mazuri.

Mkuu wa shule bado sijamwambia, wala darasa langu. Jumatatu asubuhi nitawaambia wanafunzi wapaze sauti, na sababu yake. Sijui nitaanzaje. Ila nitaanza.

Nisalimie shemeji na watoto, na jirani yako mshonaji asinisahau. Chiriku anakuamkia, amekaa hapa mezani ananiharakisha nimalize apeleke barua posta.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba