Kinamasi cha Nyuma ya Nyumba

12 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa na mikono bado inasuka mikeka. Mimi sijambo, ofisini tunachora ramani mpaka macho yanauma. Mji unapanuka kila siku.

Hivi kile kinamasi cha nyuma ya nyumba kina maji sasa hivi? Nimekikumbuka tu. Niandikie kwa mkono wako, napenda mwandiko wako.

Bintiyo

20 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananuna lakini yanatembea.

Wewe uliyekuwa ukilia ukikanyaga matope yake, leo umekikumbuka? Haya, mama hakosi kujibu. Kinamasi kimekauka kau, nimeanika mafunjo yangu katikati na ninavuka kwa kandambili. Ila mvua zikija unajua mwenyewe, maji hujaa mpaka kwenye ua na vyura hutuziba masikio.

Sasa niambie, kuna nini?

Mama yako

9 Juni

Mwanangu,

U mzima? Hii ni barua ya tatu, mbili hujazijibu. Mimi mwili upo, moyo ndio haujatulia.

Malori yalikuja mwezi wa tatu yakamwaga kifusi juu ya kinamasi. Mafunjo yamezikwa, mkeka wa mwisho nimeusuka kwa masalio. Vyura kimya, na mbu ndio wamekuwa wenye nyumba. Mvua iliponyesha maji yalikosa pa kukaa, yakaingia chumbani kwangu na kwako. Kisima kinanuka.

Kwanza nilimshuku jirani yetu, fundi magari. Nikamwendea na mdomo wangu wote: "Wewe ndiye unayemwaga oili kisimani!" Maskini, akanishika mkono akanionyesha pipa lake la oili chafu, limefunikwa vizuri. Maji ya vyoo vya mtaa mpya wa kule juu ndiyo yanayotuingilia. Zamani kinamasi kiliyachuja.

Wewe uko kwenye ramani. Nitafutie nani aliyesema hapa hapana maji.

Mama yako

1 Julai

Mama,

Shikamoo. Samahani, kazi zimenibana. Nitaulizia. Nimekutumia dawa ya kutia kisimani. Usiende ofisi ya ardhi ya huko, utajichosha bure.

Bintiyo

18 Julai

Mwanangu,

Afya yangu umeisoma kwenye barua iliyopita. Yako sikuulizi leo.

Uliponikataza kwenda ofisini, ndipo nikaenda. Toka lini wewe ukayaonea huruma magoti yangu? Karani, kijana mpole, akafungua faili la kiwanja kilichokatwa hapo kwenye kinamasi. Akasoma kwa sauti: "Mkazi wa miaka mingi anathibitisha eneo ni kavu." Akasema kwa utaratibu wao barua ya mkazi inatosha, hakuna haja ya kuja kupima. Kisha akanionyesha barua yenyewe.

Nilijua mwandiko kabla sijavaa miwani. Kandambili zangu zimo. Mafunjo yangu ya kuanika yamo. Vyura hawamo. Ni fotokopi, lakini mstari wa mkasi unaonekana, na sahihi yangu imesogezwa juu kuziba pengo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemtukana fundi wa watu, kumbe mwizi nimemnyonyesha mwenyewe. Nimekasirika, na nimeumia kuliko nilivyokasirika. Nimekwenda kumwomba fundi msamaha. Akasema yameisha, akanichotea maji ya kwake.

Karani amesema kifusi kinaweza kuondolewa kabla wenye kiwanja hawajajenga, iwapo nitaandika barua mpya. Lakini lazima nieleze ile ya kwanza ilifikaje huko, na nani aliikata. Najua maana yake kwa kazi yako. Nimekaa na kalamu siku tatu.

Nimeiandika. Ipo mezani, nzima, na vyura wote ndani. Jumatatu ijayo asubuhi naipeleka. Ukitaka tuipeleke pamoja, njoo Jumapili, kitanda chako kimekauka.

Mkasi uuache huko huko.

Mama yako, bado