Sanamu Isiyo na Mama

Mama, shikamoo. Dada akusomee polepole, maana kadi yenyewe ni ndogo.

Huku Morogoro ukungu haujaondoka mlimani tangu Ijumaa. Shuleni tumeletewa kutoka Ujerumani sanamu ya mtu ya kufundishia mwili. Kifua chake hufunguka, ukatoa moyo, ini na mapafu, kisha ukavirudisha. Watoto walipoiona walikimbia, na kesho yake darasa likawa tupu. Akaja bibi wa mmoja wao kutoka Bigwa, akaketi mbele ya sanamu, akaniuliza, "Huyu ni wa mama gani?"

Nikamjibu ni karatasi na gundi tu, hana mama.

"Ndiyo maana wanamwogopa," akasema. Hapa mtu hujulikana kwa ukoo wa mama yake. Asiye nao hana wa kumlilia. Akavua kaniki ya begani, akamfunika, akasema tangu leo huyo ni wa kwao. Watoto wamerudi wote. Wanamwita mjomba.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwalimu?"

Nikalitaja jina lako, ambalo nyumbani, kwa heshima, sijathubutu kulitamka. Unisamehe, mama. Baridi ya huku ilipungua.

Mungu akutunze.

Mwanao, Shabani