Bahari Niliyoifua

Jumatatu, 12 Novemba 1979

Nimefagia ufuo. Nimepangusa vumbi kwenye mawimbi. Nimefungua mlango wa studio na kukaa kungoja watu wanaotaka kupigwa picha mbele ya uongo.

Uongo wenyewe ni pazia la kitambaa cha marekani lililochorwa bahari kwa rangi ya maji, kutoka darini mpaka sakafuni. Mchoraji ni Kilonzo, fundi wa mabango ya maduka, ambaye hajawahi kufika pwani. Mawimbi yake yamepangika kama matuta ya shamba la Machakos. Jua lake linazama baharini. Mimi niliyezaliwa Mombasa, ambako jua hutoka baharini, kitanda changu kiko hatua chache tu kutoka kwenye kioja hiki. Nilimlalamikia siku alipokileta. Akacheka. "Bi Rukia, kwenye picha nyeusi na nyeupe nani atajua kama linaingia au linatoka?" Nikamlipa. Nachukia kushindwa kwa maneno.

Barua yangu ya tatu kwa mhariri wa gazeti haijachapishwa. Inahusu kalenda. Kila duka la mtaa huu limetundika kalenda ya milima yenye theluji. Theluji! Watu wananunua unga chini ya theluji. Nitaandika ya nne, na itakuwa kali zaidi.

Nilichokiona leo: bombani, ng'ambo ya barabara, Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa Reli. Sufuria zimesuguliwa kwa majivu na kuegemezwa ukutani zikauke. Kila moja imeshika jua lake. Nimepiga mbili. Hakuna atakayezinunua, nazo ni picha zangu bora mwezi huu.

Jumatano, 14 Novemba

Mama Mwende amekuja. Anakaa mstari wa mbele wa nyumba za Reli. Mumewe, karani wa bohari ya mizigo, anastaafu mwisho wa mwezi. Nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Wanarudi kwao Kibwezi.

Anataka picha ya familia. Hawana hata moja waliyopigwa wote. Kila mara kuna aliyekuwa shuleni, au mgonjwa, au hajazaliwa. Jumamosi ya tarehe 24 watoto wote wanne watakuwa nyumbani, na saa nne yule anayeishi Kisumu na yule wa Nakuru wanaondoka. Asubuhi moja. Ikipita, imepita.

Nilifurahi. Nikamwambia nitawapiga mlangoni kwake. Mlango wa kijani uliobabuka, kizingiti kilicholiwa na miguu ya watoto wake, kamba ya nguo. Nilishaiona picha yote. Naye ananitazama kama mtu anayesikiliza mgonjwa wa homa.

"Mimi nataka baharini."

Nikamhutubia. Heshima ya mahali mtu alipoishi. Aibu tuliyofundishwa. Kalenda pia zilikuwemo. Alinisubiri mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mlango si wangu, Bi Rukia. Ni wa Reli. Nitundike mlango wa Reli ukutani kwangu?"

Nimeshindwa tena. Kwanza Kilonzo, sasa yeye. Nina hasira hadi sasa.

Ijumaa, 16 Novemba

Mvua asubuhi. Baadaye uwanja wote ukawa kioo, na nyumba za Makongeni zikasimama kichwa chini ndani yake. Nilipiga filamu nzima, viatu mkononi. Hiyo ndiyo bahari yetu, kama lazima bahari ipigwe picha. Nilirudi nimelowa, nina furaha kama mwendawazimu.

Nikamkuta kijana mlangoni akinisubiri, koti la kuazima, miwani ya jua. Anataka picha ya kumpelekea msichana Kakamega. Nikamwambia twende uwanjani, maji bado yapo, mwanga ni wa dhahabu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mathe, acha jokes! Makongeni nani anataka kuiona? Niweke beach."

Nikamweka. Nikabonyeza. Alipotoka nikafunga mlango, nikaliteremsha pazia, nikalitia katika karai kubwa la bati, maji ya moto, sabuni ya mche. Nikaingia kwa miguu yote miwili. Jua lilitoka kwanza. Mawimbi yalibisha kidogo. Maji yakawa ya bluu, kisha ya kijivu, nikayamwaga mtaroni.

Nimeifua bahari. Mikono inaniuma. Nitalala usingizi mzuri.

Jumamosi, 17 Novemba

Pazia jeupe, limekauka, safi. Mwanga wa dirisha unalikaa vizuri kuliko rangi zote za Kilonzo. Mtu akisimama hapo anabaki yeye tu, na uso wake. Ndivyo ninavyotaka.

Wateja waliochungulia wakaondoka ni wengi. Fundi wa picha wa kule sokoni ana maporomoko ya maji. Waende wakalowe.

Sijutii.

Jumatatu, 19 Novemba

Mama Mwende amekuja kuniuliza nguo gani zinatoka vizuri kwenye picha. Alikuwa na gauni mbili mkononi. Akaona pazia.

Nilijiandaa kwa vita. Hakupigana. Alikunja gauni zake polepole, akaketi kwenye kiti cha wateja. Akanieleza kuhusu pasi ya Reli. Kila mwaka mfanyakazi hupewa pasi ya kusafiri na familia. Treni ni ya Mombasa. Kila mwaka wamepanda hiyo hiyo, na kila mwaka wameshuka Kibwezi, maana kuna mama mkwe, kuna kulima, kuna mazishi. Watoto wanashika mizigo, treni inaondoka na taa zake kwenda baharini bila wao. Alikuwa akisimama kuiangalia mpaka behewa la mwisho.

"Nilisema angalau hii ya kwako nitafika."

Kisha akasema asante na kwenda zake. Asante!

Nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote mtaa huu. Nina maoni juu ya kila serikali duniani. Sikuwahi kumwuliza jirani yangu kwa nini anaitaka bahari. Nilidhani najua. Nilidhani ni kalenda nyingine.

Bado naamini mlango ni picha bora. Na bado nimefanya ujinga.

Jumanne, 20 Novemba

Nimemtafuta Kilonzo. Amehamia Nakuru tangu Pasaka. Fundi mwingine wa mabango anajua kuandika "Hoteli" na kuchora kikombe cha chai. Basi.

Nimejaribu mwenyewe, kwenye gunia kuukuu. Nimezaliwa nikisikia maji. Nimekula samaki kabla ya kuota meno. Nimechora kitu kama mtaro wa maji machafu. Nikakitia moto uani.

Siku nne. Nina hofu kabisa.

Alhamisi, 22 Novemba

Jioni nimekwenda kwa Mama Mwende na pazia chini ya kwapa. Nimesimama mbele ya ule mlango wa kijani na kumwambia nilikosea. Maneno machache. Si kawaida yangu. Mumewe, Baba Mwende, alikuwa anafunga masanduku kwa kamba. Akaniangalia juu ya miwani.

"Kumbe wewe ndiye umekausha bahari."

Mtu mkimya yule. Nimemjua miaka mingi na huo ndio utani wake wa kwanza. Mkewe alicheka bila kutaka, nami nikacheka, na hapo mambo yakalegea.

Mama Mwende alilishika pazia, akalinyoosha kwenye mwanga wa mlango, akalipekua kama mtu anayenunua kanga. Akasema kitambaa bado kizima. Akasema bluu ipo. Bluu gani? Ile ya kufulia! Kila nyumba hapa ina vijiwe vyake vya kung'arisha mashati ya kazi. Ikikorogwa na uji mwembamba inashika kama rangi.

Akaita majirani. Mama Akinyi alileta bluu na maneno. "Huyu ndiye Bi Rukia wa kutukataza bahari? Leo ameileta mwenyewe, imenyolewa!" Nilistahili. Walilitandaza kwenye saruji ya bombani wakachora kwa vitambaa na ufagio wa makuti uliokatwa. Sikushika kitu. Nilikatazwa. Nilifungua mdomo mara moja kueleza jinsi wimbi linavyovunjika, nikatumwa kuchota maji.

Mawimbi yao ni matuta. Tena! Safu kwa safu, yamenyooka, kama wanataka kupanda mbaazi. Hakuna aliyekumbuka kuchora jua. Sikuwakumbusha.

Ni nzuri. Naandika tena ili nisije nikakana kesho: ni nzuri.

Ijumaa, 23 Novemba

Pazia limelazwa kwenye meza ya Mama Akinyi, halijakauka vizuri. Studioni mwangu hamna upepo wa kulikausha likitundikwa bichi hivi. Litachuruzika na kuharibika. Nimewaza mchana kutwa. Kisha nimeona kilichokuwa wazi tangu mwanzo. Kamba ya nguo. Ile iliyo kando ya mlango wake.

Nimemweleza Mama Mwende. Bahari nyuma yenu, na pembeni mlango uonekane kidogo, ukitaka. Akautazama mlango.

"Kidogo tu."

Wingu zito jioni. Nikimwomba Mungu, nadhani atashangaa kusikia sauti yangu.

Jumamosi, 24 Novemba

Naandika nikiwa nimechoka na nina uji kwenye nywele.

Alfajiri, wingu. Tulipigilia msumari kwenye fremu ya mlango na mwingine kwenye nguzo, tukakaza kamba ya nguo katikati, tukatundika pazia. Familia ikapangwa: Baba Mwende kwa kofia yake ya kazi, Mama Mwende kwa gauni la maua, Mwende na ndugu zake watatu. Hakuna mwanga. Kijivu tupu. Ningepiga hivyo wangetoka kama watu waliozama.

Tukangoja. Wa Kisumu akaanza kutazama saa. Wa Nakuru alikuwa na mkoba begani tayari. Mama Mwende akajisogeza katikati yao. Alishika tu mkono wa huyu na wa yule, kama mtu anayezuia mbuzi wasitoke. Nilitaka kulitukana lile wingu kwa barua kwa mhariri.

Kisha likapasuka. Upande wa mashariki, nyuma ya pazia. Vibaya kabisa! Jua nyuma, nyuso gizani. Mwanafunzi wa kamera wa siku ya kwanza anajua usipige hivyo. Lakini marekani ile nimeifua mpaka imekuwa nyepesi, na jua likapenya katikati ya matuta ya bluu, duara, jeupe, juu kidogo ya wimbi. Likitoka baharini. Kama kwetu.

Nilipiga kelele kama mchuuzi. Leteni sufuria! Leteni masinia, karai, vifuniko, chochote kinachong'aa! Wanawake wa mstari mzima wakatoka mbio. Wakajipanga nyuma yangu, kila mmoja na sufuria yake, wakalishika jua na kulirusha kwenye nyuso za wale sita. Mama Akinyi akawa anaamrisha. "Inua lako, wewe! Unamulika mbwa!"

Wale sita wakacheka. Upepo ukaingia kwenye pazia, bahari ikajaa, mlango wa kijani ukatokea ukingoni. Nikabonyeza.

Nikabonyeza tena, na tena, mpaka filamu ikaisha. Saa nne mikoba ikaondoka.

Jumapili, 25 Novemba

Nimeosha filamu. Nyingi zimeungua kwa jua. Moja, wa Nakuru amefumba macho.

Moja ni nzima. Nimeiangalia ikitokea kwenye dawa: kwanza matuta, kisha jua jeupe katikati yake, kisha meno ya Baba Mwende, ambayo sikuwahi kuyaona. Wote sita. Kofia, maua, mlango. Kwenye ncha ya chini kuna kifuniko cha sufuria cha mtu aliyesogea mno mbele. Ningeweza kukikata. Nimekiacha.

Barua ya nne kwa mhariri nimeianza mara mbili, nikaiacha. Sina ugomvi leo. Nimeshangaa mwenyewe.

Jumamosi, 1 Desemba

Wameondoka asubuhi. Lori lilibeba vitanda, kabati, kuku. Picha haikwenda na lori. Imo kwenye fremu ya kioo, imefungwa blanketi, Mama Mwende ameipakata kama mtoto. Atakwenda nayo hivyo kwenye treni mpaka Kibwezi.

Nilimwuliza ataitundika wapi. Sebuleni, mkabala na mlango, kila anayeingia aione.

"Nitawaambia, hapa ndipo Makongeni."

Sikumsahihisha. Nilimshika mkono tu.

Ufunguo umerudishwa. Mlango umefungwa kufuli mpya. Msumari wetu bado uko kwenye fremu. Mkaguzi wa Reli hakuuona, au aliuona akauacha. Mama Akinyi ameniuliza kama bahari inaweza kutoka nje tena Jumapili ya kabla ya Krismasi. Ana dada zake wanakuja.

Jioni nimelitundika pazia mahali pake, karibu na kitanda. Pale jua lilipopenya pamebaki peupe. Linanuka sabuni na uji.

Nimefagia ufuo.