Saa Tatu ya Nyota Mbili

Lindi, Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Kaka Rajabu anayekusomea mpe kwanza maji, maana nina mengi. Kifua kimeachia? Mimi mzima, mjukuu wako Zubeda bado. Vidonda vya buba vimekauka, ila nyayo zinamuuma, hospitali namchukua mgongoni kila Jumatano. Sindano zimebaki tatu.

Yule mwalimu mzee wa Kizungu ninayemfulia ana darubini uani. Nyota moja ameifuata miaka kumi na moja. Kumbe ni mbili, zinazungukana. Moja ikipita mbele ya mwenzake inaikinga, mwanga unafifia, kama mwezi ukipatwa. Njia yao ni kama yai, ndiyo maana muda kati ya kufifia kumoja na kwingine haulingani. Na yai lenyewe, anasema, linageuka polepole mwaka hata mwaka. Alitaka kujua limegeuka kiasi gani, na saa ya kufifia ndiyo humwambia.

Juzi juzi homa ikamlaza. Akaniambia, "Somoe, unajua kuandika. Ikififia kabisa, tazama saa, andika." Nikatazama, mshale uko kwenye tisa, nikaandika tatu. Si ndivyo tusomavyo sote?

Alipopata nafuu akasoma, machozi yakamtoka kwa furaha. Yai limegeuka kuliko alivyodhani! Akawaandikia wakubwa zake Ulaya, barua ikaenda na meli. Mpishi alipoisikia hiyo saa akanicheka: "Mama Zubeda, mzee kaisoma Kizungu, na saa tatu yao ni karibu na alfajiri! Wewe si ulikuwa unakoroma, nikakusikia mpaka jikoni?"

Siku mbili nilinyamaza, Mama, sikufichi. Chumba tunacholala ni chake, nami nawaza sindano. Ya tatu nikamwambia. Hakupiga kelele. Alikaa kitako, akasema, "Wataniita mwongo." Kisha, "Kesho kutwa nisikukute hapa."

Usimtume mtu kunichukua. Buba likikatishwa dawa linarudi na kuingia mifupani, na huko Kiranjeranje nani atamdunga? Tutalala barazani hospitalini, nitafua nguo za watu. Sitoki Lindi mpaka sindano ya mwisho iingie.

Nisalimie bibi, na shangazi anayefinyanga vyungu. Baba Zubeda akirudi kutoka mashamba ya mkonge, mwambie tuko barazani, upande wa kisima.

Ni mimi mwanao,
Somoe