Viduara Pembezoni mwa Daftari

Resti,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hiyo nianze na yangu: mwili mzima, ila nina jambo limenikaa rohoni, na mtu wa kuambiwa ni wewe.

Ile ofisi ya uchapaji pale Chanji, ulikokuwa unaniletea madaftari yako kutoka Mollo, ilifungwa mwaka mmoja baada ya kukuzika. Chumba changu cha uhariri sasa wanauzia makava ya simu. Nilipita juzi, meza yangu bado ipo, wamepanga chaja juu yake. Meza ile, Resti, ambayo hadithi za watu wa huku zilipita juu yake kwanza kabla ya kuitwa kitabu, na mimi nyuma yake na kalamu nyekundu, naringa.

Siku hizi hakuna anayeomba ruhusa. Mwanao Yustina amefungua grupu la kwenye simu, na kila Ijumaa anaweka sura moja ya hadithi yako. Ameichapa mwenyewe kwa kidole gumba, kutoka ile nakala safi uliyobaki nayo nyumbani. Mke wa mdogo wangu ndiye aliyeniunga. Nikwambie ukweli, nilikasirika. Mkato hakuna, herufi kubwa anaziweka anapojisikia, nikawa nasoma huku vidole vinaniwasha. Nikasema huyu mtoto anamdhalilisha mama yake. Lakini hasira ile haikuwa ya mikato. Ilikuwa ya kwamba hadithi imetoka, watu wa Chanji wanaisoma, wa Muze wanaisoma, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba mimi sikuwepo.

Miaka sita nilikuweka ukisubiri. Mara karatasi zimeisha, mara kamati haijakaa. Ulikuwa unakuja na kifuko cha unga wa ulezi kwa ajili yangu, unakaa kwenye benchi, unaondoka. "Haina shida, dada Fides, wewe ndiye unayejua." Hukuwahi kunipandishia sauti. Laiti ungenipandishia.

Basi sura tatu za kwanza watu walizifurahia. Ilipowekwa ya nne, grupu likapoa. Ya tano vilevile. Mama mmoja wa Muze akaandika, kwa upole kabisa, kwamba mwanzoni alikuwa anamsikia mtu anaongea, sasa ni kama anasoma kitabu cha shule. Nikazirudia zile sura, nikaitambua sauti. Ilikuwa yangu.

Unaikumbuka siku ulipoleta daftari la kwanza? Pembezoni mwa kurasa ulikuwa umechora viduara vya penseli. Mwanzoni vichache, kadiri hadithi inavyokwenda vinaongezeka. Nami, mhariri mzima, sikukuuliza ni vya nini. Nilidhani umeweka alama pale ambapo mwenyewe una mashaka napo. Nikakwambia, na maneno yenyewe nayakumbuka, "Umeshauona udhaifu wako, hiyo ni nusu ya kazi." Kila palipokuwa na kiduara, nikakata. Pale mama mkwe anapoangua kicheko msibani, nikakata. Pale mjane anapoliamkia tuta la kwanza la msimu, shikamoo, kama mtu mzima, nikakata. Ukasema sawa. Ukaenda kunakili upya bila hayo yote, na madaftari ya mwanzo ukaniachia, ukisema huna tena kazi nayo.

Wiki iliyopita niliyatoa kabatini nikaenda nayo Mollo. Yustina alinipokea vizuri, shikamoo mama, kiti, chai. Nikamwonyesha viduara, nikamwuliza kama anajua maana yake. Akacheka kidogo. Akaniambia ulikuwa unawasomea wanawake waliokuja kukusaidia kutoa mawe kwenye ulezi. Mikono yao ikiendelea na ungo, unasonga mbele. Mikono ikisimama, unachora kiduara.

Ile chai sikuweza kuinywa.

Hukuwa na mashaka, Resti. Ulikuwa umeshaipima hadithi yako kwa watu wake, nami nikaondoa kila mahali walipoacha kazi ili wakusikilize. Na wewe ukadhani ninyi, wewe na wanawake wale, ndio mliokosea. Kwa kuchelewa ningejitetea, ofisi ilikuwa na shida zake. Hili sina wa kumsingizia. Ulikufa ukiamini kwamba sehemu nzuri za kazi yako ndizo mbovu, na aliyekufundisha hivyo ni mimi. Nisamehe. Najua nimechelewa hata kuomba.

Yustina nilimweleza yote. Nilitegemea anifukuze. Alifunua kurasa, anapitisha kidole juu ya mwandiko wako. Mwishowe akanipa simu yake, akasema, "Waambie wewe mwenyewe, mama."

Nikaandika pale pale, barazani kwako. Kwamba hadithi hii ilikatwa, aliyeikata ni mimi Fides, mhariri, na kwamba mwandishi hakuwa amekosea popote. Nikakosea herufi kama tatu hivi, nikatuma hivyo hivyo.

Wapo walionisema vibaya, na wana haki. Yule mama wa Muze aliuliza tu sura zenyewe, zisizokatwa, zitaanza lini.

Pumzika, mwenzangu. Nimemwomba Yustina aniachie kazi ya kuyachapa madaftari yote manne, naye amekubali. Wewe nakuahidi hili: nitaandika kama ulivyoandika, neno kwa neno, na nikifika mahali nisipopaelewa, nitapaacha kama palivyo.

Ni mimi,
Fides