Baiskeli Iliyogawanywa Nusu kwa Nusu

Mkomaindo, Masasi
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Mwangaluka, Baba. Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha kamba, uji umeshuka vizuri, na goti halikusumbui kama lilivyokusumbua wakati wa baridi. Mama anaendeleaje na kifua? Na yule daktari wa macho aliyekuambia urudi baada ya mavuno, umerudi? Usiniambie umesahau. Mimi ni mzima. Mikorosho imeanza kutoa maua, kwa hiyo kazi ni nyingi na nanuka salfa ya kupulizia maua hata nikitoka kuoga, lakini nakula, nalala, na majirani ni watu wema.

Masanja mdogo wangu, wewe unayemsomea Baba, soma polepole na usiruke mahali penye majina ya vyuma. Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Baba, nimefufua baiskeli. Si hizi za kubebea mkaa. Ni ya mashindano, ya zamani, yenye usukani uliojikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume, gia tano nyuma, na fremu nyepesi ambayo naiinua kwa vidole viwili. Tangu jana nikikaa nacheka peke yangu, hata mwenye nyumba ameniuliza kama nimeposwa.

Ilianza hivi. Nilikwenda kijiji cha Lupaso, kwenye shamba la mzee mmoja anayeitwa Baba Zuhura, kumwelekeza namna ya kupulizia dawa. Huku wananiita Bibi Shamba. Tulipoingia stoo kutazama mifuko ya salfa, niliinua macho nikaona kitu kimefungwa kwa gunia na kuning'inizwa darini kwa waya. Zile pembe za usukani tu ndizo zilizojitokeza. Nikasahau mikorosho.

"Baba Zuhura, kile ni nini?"

"Nusu ya baiskeli," akasema.

"Na nusu nyingine?"

Akageuka akaanza kuhesabu mifuko ambayo tulikwisha kuihesabu. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa mlangoni anachambua kunde. Ndiye aliyenijibu. "Iko Newala kwa Mwalimu Alfonsi. Waligawana kama watu wanaoachana. Huyu akachukua mwili, yule akachukua miguu."

Nilipata kisa kizima kutoka kwa mama huyo, maana mumewe alitoka nje. Wale wawili walisoma darasa moja, wakawa marafiki wa kula sahani moja. Ujanani waliuza korosho misimu miwili, wakachanga, wakaagiza baiskeli hiyo kutoka Dar es Salaam. Walipanda kwa zamu. Yakaja mashindano ya kutoka Masasi hadi Newala, na mtu wa kupanda ni mmoja. Wakachezesha kura kwa njiti mbili za kiberiti, akapata Alfonsi. Alikuwa anaongoza. Kabla hajaanza kuupanda mlima wa Newala, uma wa mbele ukakatika, akaanguka, akavunjika mtulinga. Baba Zuhura alimwambia mbele za watu kwamba anaendesha kama ndama aliyefunguliwa zizini. Mwenzake akajibu maneno ambayo Mama Zuhura alikataa kunitajia. Wakaifungua baiskeli na kugawana. Tangu hapo wakikutana msibani hupeana mkono huku kila mmoja akitazama kando.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Newala kumtafuta Mwalimu Alfonsi. Ni mwalimu mstaafu, mrefu, anaongea taratibu kama bado anaandika ubaoni. Unajua Newala iko juu kabisa na maji ni ya shida. Watu huvuna ya mvua na kuyahifadhi kwenye visima vya saruji uani. Juu ya kisima chake, Baba, nilikuta gurudumu la mbele. Ameondoa mpira, kamba ya ndoo inapita kwenye mfereji wa ringi, na limekuwa kapi. Nilipolizungusha kwa kidole lilizunguka bila sauti yoyote, nikakaa nikilisubiri lisimame. Kumbe kila mwaka kabla ya masika analifungua na kulitia grisi. Gurudumu la nyuma, gia, na kiti cha ngozi alikuwa amevihifadhi ndani, chini ya kitanda, vimefungwa kwa blanketi. Nikajiambia huyu hakumwacha mwenzake.

Lakini nilipoomba, alitikisa kichwa. "Akitaka miguu, alete mwili yeye mwenyewe. Asitume mtoto wa watu."

Nikarudi Lupaso na ujumbe huo. Baba Zuhura akasema, "Aliyeivunja ndiye aje." Nikaona nimekwama. Wakati naondoka, Mama Zuhura alikuwa amekwisha kuishusha fremu na uma wake uliokatika, akaviweka kando ya pikipiki yangu. "Chukua ukaisafishe tu. Kusafisha si kugombana."

Nilivisafisha barazani kwa mafuta ya taa na mswaki. Fremu ilikuwa imepakwa rangi ya kijani kwa mkono, na chini yake ilikuwa nyekundu ya kiwandani. Kisha nikauchukua ule uma, nikafanya kama ulivyonifundisha kwenye kibanda chako cha ufundi baiskeli: usitazame kwanza, papasa. Pale ulipokatika, karibu na shingo, kidole changu kilikuta sehemu laini kidogo, na kwingine kote kutu inakwaruza. Nikapeleka kwenye mwanga. Ile sehemu laini ilikuwa rangi ya kijani, Baba. Ndani ya mkato wenyewe, kina cha ukucha. Na rangi haiwezi kuingia ndani ya ufa ambao haupo. Ule uma ulikuwa umepasuka kabla ya mashindano, na mtu akapaka rangi juu ya ufa.

Siku tatu nzima sikujua la kufanya. Nilijua ni nani aliyepaka, kwa sababu Mama Zuhura alikwisha kunisimulia jinsi mumewe alivyoipaka baiskeli rangi mpya kwa ajili ya mashindano yale. Nikafikiri nikae kimya, nitafute uma mwingine, nifunge, basi. Halafu nikakukumbuka wewe ulipokuwa ukiwaambia wateja wakubwa bila kuogopa kwamba kosa ni lao. Nikaenda. Sikueleza mengi. Nilimshika kidole Baba Zuhura, nikakipitisha pale pa mkato, kisha nikampa miwani yake.

Alitazama kwa muda mrefu. Kuku walipita katikati yetu na hakuwafukuza.

"Rangi hii niliinunua mimi," akasema mwisho. "Alfonsi alitaka tuiache nyekundu." Akavua miwani. "Bibi Shamba, kesho unakwenda Newala?"

"Kesho nina kazi, Baba Zuhura."

"Basi keshokutwa."

Tulikwenda kwa pikipiki yangu, yeye nyuma, fremu imemning'inia begani kama mkoba, kanzu ameikunja magotini. Tulipofika, Mwalimu Alfonsi alikuwa kisimani anavuta maji. Aliiona fremu kabla hajamwona mtu. Akaiacha kamba, ndoo ikarudi chini kwa kishindo.

Baba Zuhura hakusalimia. Alimpa ule uma na kusema, "Shika hapa. Ulikuwa umepasuka. Nikaupaka rangi bila kuona. Hukunivunjia."

Mwalimu alipapasa, akavaa miwani, akapapasa tena. Nilitegemea atafurahi. Badala yake alikaa kwenye ukingo wa kisima, uma magotini.

"Asubuhi ile niliusikia ukilia," akasema. "Tangu pale Masasi, kila nikikanyaga. Nilijua una kasoro."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungechukua zamu yangu."

Baba, nilitaka kuondoka niwaachie ua wao, lakini nikabaki. Wazee wale walitazamana, na Baba Zuhura akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Kwa hiyo ndama ni wawili," akasema, na Mwalimu naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Mke wa Mwalimu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama tu anawatazama, kisha akarudi kuongeza unga kwenye sufuria.

Sasa kazi. Nilimnunulia Mwalimu kapi la chuma, nikashusha gurudumu. Fundi mmoja hapa Mkomaindo alinishauri nifunge uma wa baiskeli mpya; nikakataa, maana kila kitu nilitaka kiwe cha umri ule ule. Mwisho niliuona uma ninaoutaka kwenye kibanda chake mwenyewe, ameupigilia ukutani, anatundikia mipira ya ndani. Niliugonga kwa spana ukaimba kama kengele ya shule. Ule wa zamani ukiugonga unasema "kap", basi. Nyuzi za skrubu za shingo zilikubali mara ya kwanza. Pini za pedeli nilizipiga tupa kwa mkono. Gololi nilizipata moja moja kutoka baiskeli tatu zilizokufa. Mipira tu ndiyo mipya, na hiyo ilitoka Dar kwa basi.

Ringi ya nyuma ilinitesa. Sikuwa na kifaa cha kunyooshea, kwa hiyo nilipindua baiskeli barazani, nikafumba macho, nikawa napiga spoku moja moja kwa ukucha, nikikaza zile za sauti nzito na kulegeza zile za sauti kali mpaka zote zikakubaliana. Hukuwahi kuniachia kazi ile. Ulisema bado. Leo inazunguka katikati ya breki na haigusi kulia wala kushoto.

Jana tulikutana Newala, mahali pa tambarare nje kidogo ya soko. Wakaanza ubishi. "Panda wewe." "Hapana, wewe ndiye mkubwa." Ilichukua muda mrefu, watu wakakusanyika. Mwisho wakachezesha kura kwa vijiti, akapata tena Alfonsi, na safari hii Baba Zuhura akamshikilia kiti na kumsukuma. Alikwenda mita mia mbili hivi, akageuka, akarudi amenyooka kama kijana. Kisha akapanda Baba Zuhura na kanzu yake, Mwalimu anakimbia pembeni akimfokea abadilishe gia. Wameafikiana kwamba itakaa mwezi kwa mmoja na mwezi kwa mwingine, na mwenye zamu ya kuitoa lazima aipeleke mwenyewe, alale huko siku moja. Mama Zuhura amesema siku moja ni chache, walale tatu, nyumba ipumue.

Kabla sijaondoka, Mwalimu alileta msumari akaniambia niifungue shingo. Akasema fundi anaweka jina lake ndani, pale ambapo hakuna anayeona isipokuwa fundi mwingine atakayeifungua. Nikaandika jina lako. Baba Zuhura alisoma, akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni baba yangu, aliyenifundisha. "Mwandike, ni haki yake," akasema. "Lakini huyu hakuja Lupaso." Akanirudishia msumari. Nikaandika na langu, Baba, chini ya lako. Limekwenda upande kidogo, lakini linasomeka.

Nisalimie Mama sana, na shangazi muuza dagaa, na mjomba fundi cherehani, na mke wa kaka na mtoto mpya ambaye sijambeba. Wewe Masanja, ahsante kwa kusoma. Mshike Baba mkono kwa niaba yangu.

Mimi binti yako,
fundi Kabula